Nasaba Isiyo na Maandishi: Itafutwe Vipi, na Isimame Wapi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba watu na akawajaalia kuwa na jamaa wa damu na wa ukwe. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kijana mmoja katika wahudhuriaji wa darsa yetu ya baada ya Magharibi alingoja siku moja hata watu wakatawanyika, kisha akatuletea haja yake. Alikuwa ameposa, na jawabu aliyoletewa ni ya kuwa yeye hana dosari katika dini yake wala katika tabia yake, ila hajulikani ni wa nani. Akatuomba jambo ambalo si yeye wa kwanza kuliomba: tumwandikie nasaba. Alikwisha kupata kabila moja la Bara Arabu ambalo jina lake lakaribiana na jina la babu yake, na alichotaka kwetu ni majina matano au sita ya katikati ya kuunga huku na kule, na mwandiko mzuri wa Kiarabu, na sahihi yetu chini yake.

Tulikataa. Lakini kukataa peke yake si jawabu, kwani kijana huyu hakuja kwa kutaka fakhari. Alikuja kwa sababu mlango umefungwa usoni pake. Tukamwambia: Kuandika tukuache kwanza, tutafute. Tukatafuta pamoja naye kwa muda wa miezi minne, na somo hili limetokana na kutafuta huko. Ametupa idhini tulieleze bila ya kutaja jina la mtu.

Yapasa ijulikane kwanza kwa nini dini yetu imeijali nasaba. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuwaunga jamaa zetu. Na tuangalie kiasi kilichowekwa. Hatukuamrishwa tujifunze kiasi cha kujitukuza barazani. Tumeamrishwa kiasi ambacho mtu atamjua ami yake na shangazi yake, khali yake na mama mdogo wake, na watoto wao. Amjue atakayemrithi na atakayerithiwa naye. Amjue aliye maharimu wake asije akamposa. Elimu hii yamlazimu kila mmoja wetu, awe na karatasi au asiwe nayo. Inayozidi hapo ni elimu nzuri kwa aiwezaye. Abubakar Siddiq (R.A.) alikuwa ni katika wajuzi wakubwa wa nasaba za Makureshi, na Jubair bin Mut'im alijifunza kwake. Na Umar (R.A.) alipoanzisha daftari la kuwapa Waislamu haki zao katika hazina, aliwaweka watu watatu, Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na huyo Jubair, wawaandike watu kwa mujibu wa nasaba zao. Nao waliandika kutoka wapi? Waliandika yaliyokuwa vifuani mwao. Nasaba za Waarabu zilikaa katika vifua kabla ya kukaa katika vitabu, basi mwenye kudhani ya kuwa pasipo karatasi hapana nasaba amekosea tangu mwanzo wa safari.

Kisha dini imeharimisha mambo mawili, na watu wetu hulishika moja na kulisahau la pili. La kwanza ni mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake na ilhali anajua. Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa mwenye kufanya hivyo ameharimishiwa Pepo. La pili ni kutia dosari nasaba za watu, na hilo, pamoja na kujifakhirisha kwa mababu, Mtume (S.A.W.) amelihesabu, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa ni katika mambo ya Jahiliya ambayo umma wake hautayaacha. Sisi hapa pwani tumezoea kulikemea la kwanza likitendwa na mnyonge. Ama la pili, hilo tumelipa jina jingine, tukaliita kuchunga heshima ya ukoo.

Na watu hawa wawili hutegemeana. Lau kuwa hakuna mwenye kumuuliza mwenziwe "Wewe ni wa nani?" kwa sauti ile ituzoeleayo, pasingekuwa na mwenye kuja kwetu usiku kununua mababu.

Sasa na tuitazame Sura ya Ahzab, aya ya 5, kwani hiyo yasema khasa juu ya mtu ambaye baba yake hakujulikana. Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na akabainisha ya kuwa huo ndio uadilifu mbele yake. Kisha hakuliacha swali la mwenye kukosa. Amesema ya kuwa ambao hatuwajui baba zao, basi hao ni ndugu zetu katika dini na ni mawali wetu. Hakutuambia tuwatafutie baba wa bandia, wala hakutuambia tuwaweke kando mpaka wathibitishe.

Sababu ya kuteremka aya hiyo ni Zaid bin Haritha (R.A.). Alikuwa mtoto wa watu wa kabila la Kalb, akatekwa katika uvamizi, akauzwa katika soko la Ukaz, akafika kwa Bibi Khadija (R.A.), naye akampa Mtume (S.A.W.) kabla ya utume. Baba yake alikuwa akimlilia hajui yu hai au amekufa. Wakaja watu wa Kalb kuhiji Makka, wakamwona, wakamjua naye akawajua, na khabari zikafika kwa baba. Haritha na nduguye wakaja na fidia, na Zaid akahiyarishwa, akachagua kubaki. Tangu hapo akaitwa Zaid bin Muhammad, mpaka ilipoteremka aya akarejezewa jina la Haritha. Tazama nasaba ya mtoto aliyeuzwa sokoni ilivyopatikana. Hapakuwa na cheti wala hati. Palikuwa na watu wa kwao walioijua sura yake, na yeye mwenyewe aliyekuwa hajasahau.

Lakini si kila aliyeuzwa alipata watu wa kumtambua. Salim, mtumwa aliyeachwa huru na mwanamke wa Kiansari, alifanywa mwana na Abu Hudhaifa, mtoto wa Utba bin Rabia, katika vigogo vya Makureshi. Ilipoteremka aya, wengine walirejezwa kwa baba zao, na Salim watu hawakuwa na baba wa kumrejeza kwake, akaitwa Salim maula wa Abu Hudhaifa. Na hivyo ndivyo anavyoitwa mpaka leo katika vitabu vyote. Na ni nani Salim? Ni mmoja wa watu wanne ambao Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wachukue Qurani kwao. Ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina wa mwanzo walipotangulia kufika Madina, kwa kuwa alikuwa amehifadhi kuliko wao. Na Bukhari amepokea ya kuwa Abu Hudhaifa alimwoza Salim huyo mtoto wa nduguye, Hind binti Walid bin Utba. Tunawaomba wazee wetu wenye mabinti wakumbuke jina hilo, kwani tutalirejea.

Turudi kwenye njia za kuthibitisha. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi nasaba huthibiti kwa mambo ambayo takriban yote hayahitaji karatasi. Mtoto aliyezaliwa katika ndoa sahihi ni wa mwenye ndoa ile, na hukumu hii ni ya hadithi ya Bukhari na Muslim, katika kisa cha Saad bin Abi Waqqas na Abdi bin Zam'a. Huthibiti pia kwa mtu kukiri ya kuwa fulani ni mwanawe, kwa sharti jambo hilo liwezekane kwa umri wao, na yule asiwe anajulikana kuwa ni mwana wa mtu mwingine, na akiwa ni baligh akubali. Huthibiti kwa mashahidi. Na huthibiti kwa kuenea khabari, na hiyo ndiyo njia ya watu wa miji kama yetu. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza ya kuwa yajuzu kushuhudia kwa kusikia nasaba ya mtu kwa baba yake au kabila yake, na kadhalika kwa mama yake, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini ameweka sharti ambalo wengi hawalisomi: kusikia huko kuwe kwa jamaa ya watu ambao ni salama kwamba hawakuafikiana juu ya uwongo.

Sharti hili lina maana kubwa. Watu ishirini wa nyumba moja waliosimuliwa na babu mmoja si ishirini. Hao ni mmoja. Khabari ya ukoo yataka isikiwe kwa jirani, kwa mahasimu waliogombea shamba, kwa watu wa mji mwingine walioachana na ukoo huo zamani. Wakiafikiana hao, hapo pana kitu. Wakiafikiana wa nyumba peke yao, twasema: Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Ama kazi yenyewe ya kutafuta, hii ndiyo namna tuliyoifuata na kijana wetu. Tulianza kwake yeye tukarudi nyuma mmoja mmoja, wala hatukuanza kwa babu mkubwa tukashuka. Anayeanza juu huwa amekwisha kumpenda babu kabla ya kumjua, na kila jina alipatalo njiani hulilazimisha limfikishe kule atakako.

Tukaenda kwa wanawake wazee. Wanaume wa mji huu wakiulizwa nasaba husema majina ya wanaume, na husema yale wayapendayo; wanawake hujua ni nani aliyezaliwa nyumba ipi, nani alikaa eda na nani, nani alimwosha marehemu. Kwa hivyo hatukuuliza, "Sisi ni kabila gani?" Swali hilo huleta fakhari au huleta hofu. Tuliuliza juu ya vizazi na misiba. Na miaka tuliipima kwa mambo yaliyojulikana: kabla ya reli, ambayo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901, vita vya Mbaruk vya 1895 na 1896, kukamatwa watu kwa kariakoo katika vita vya 1914 mpaka 1918. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa mama yake hujua ya kuwa babu yake alichukuliwa kariakoo na mama yu mgongoni. Hiyo ni tarikhi, tena ni tarikhi nzuri.

Shangazi wa kijana huyu, mwanamke aliyepindukia miaka themanini, ndiye aliyetuonyesha daftari dogo la majina ya kuombewa dua katika khitma zao. (Juu ya hizo khitma zenyewe tumekwisha sema rai yetu, wala hatuirejei hapa.) Wafu arubaini na tatu walikuwa wameandikwa humo kwa herufi za Kiarabu na mikono mitatu mbalimbali, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hakuna aliyeandika majina hayo ili ajitukuze. Waliandikwa ili wasisahauliwe katika dua, na kwa hivyo twaiamini karatasi hiyo kuliko nasaba nyingi zilizotiwa katika vioo.

Yataka tahadhari pia katika majina. Ada yetu ni mtoto wa kwanza kupewa jina la babu yake, basi jina hurejea kila kizazi cha pili, Ali Muhammad Ali Muhammad, na mwenye kunakili huruka wawili bila ya kujua, au huwazidisha wawili. Hapo hukumbukwa majina ya nyumbani na lakabu, na huulizwa mke wa kila mmoja, kwani majina ya waume yakifanana, ya wake hayafanani.

Kisha ziko karatasi ambazo si za nasaba lakini nasaba zimo ndani yake. Sharia ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, wala tangu mwanzo haikuwaenea watu wote, basi mwenye kutafuta cheti cha babu yake aghalabu hakipati. Lakini kuna madaftari ya ndoa na talaka ya Kadhi, ambamo walii wa bibi arusi hutajwa pamoja na baba yake. Kuna hati za wakfu, ambazo mwenye wakfu hutaja watoto wake na watoto wa nduguze. Na ilipotoka sharia ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wenye kudai mashamba ya pwani walitakiwa walete madai na mashahidi, na katika madai hayo mtu husema ameirithi ardhi kwa fulani bin fulani. Katika daftari la ndoa tulimpata babu wa baba yake kijana wetu akioa, na mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi hao alikuwa na jina lililokuwamo katika daftari la khitma. Tukauliza ni nani, tukaambiwa ni nduguye mke, aliyehamia Takaungu.

Hapo tulifika kwa babu wa tano, na hapo njia ikasimama. Jina lake lilikuwa katika yale majina ambayo watu wa pwani waliwapa watumwa wao, kama Mabruki, Faraji, Almasi na Feruzi, na baada yake "bin Abdalla."

Kwa wasiojua, "bin Abdalla" katika nasaba nyingi za pwani si jina la baba. Abdalla ni mja wa Mwenyezi Mungu, na sote tu waja wake. Aliyeletwa mdogo kutoka Unyasa au Uyao asikumbuke baba yake, na aliyesilimu kutoka kwa Wagiriama, Wadigo na wenziwao, ambao wazee waliwaita mahaji, aghalabu waliandikwa hivyo. Wengine walimkumbuka baba yao vizuri sana, ila mwandishi hakuona haja ya kuuliza. Biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya uliondolewa katika sharia mwaka 1907. Si zamani. Wako wazee wetu walio hai ambao waliwaona kwa macho yao watu waliozaliwa katika utumwa. Na tunapomwambia mjukuu wa mtu huyo "hujulikani," yafaa tujiulize ni nani aliyelifuta jina la baba yake. Karatasi hii haikupotea kwa moto wala kwa mchwa. Walioichana ni watu, na baadhi yao ni mababu zetu sisi tunaouliza.

Kijana alinyamaza kitambo kirefu alipoambiwa. Kisha shangazi yake akasema ya kuwa yeye alikuwa akijua siku zote, na marehemu ndugu yake alimkataza kusema.

Hapa hatuna budi kutaja jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu si uadilifu kumtaka mwenzetu asimame mahali ambapo sisi hatukusimama. Katika sanduku la marehemu baba yetu imo karatasi ya nasaba tuliyoikuta ikisomwa kwa heshima tangu utotoni. Yatufikisha kwa mtu mkubwa wa karne ya kwanza ya Hijra, kwa majina kumi na saba. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ameweka kanuni ya kupimia mambo haya: katika kila miaka mia wahesabiwe mababa watatu. Ikiwa baina ya mwanzo na mwisho ni miaka mia kumi na tatu, basi yatakiwa majina kama thalathini na tisa. Yetu yana kumi na saba. Ama yamepotea zaidi ya ishirini, ama wameunganishwa watu wasiohusiana. Kanuni hiyo tulikuwa tumeisoma na kuisomesha kwa miaka mingi, wala haikutupitia moyoni kuitia juu ya karatasi ile mpaka usiku tuliotoka kwa shangazi wa kijana yule. Sasa twasema nasaba yetu mpaka babu wa saba, ambao tuna ushahidi wao, kisha twanyamaza. Baadhi ya jamaa zetu hawakupendezwa, na wako ambao hawajasema nasi tangu hapo.

Na kunyamaza huko si aibu. Nasaba ya Mtume wetu (S.A.W.), ambayo hakuna iliyochungwa kuliko hiyo, wanavyuoni wameafikiana nayo kwa mababa ishirini na mmoja, mpaka kwa Adnan. Kutoka Adnan mpaka kwa Nabii Ismail (A.S.) wamekhitalifiana katika majina na katika idadi, ijapokuwa hakuna shaka ya kuwa ni katika kizazi chake. Ikiwa hapo wenye elimu walisimama, sisi ni nani hata tuvuke mpaka kwa Adam bila ya kukata pumzi?

Tumeulizwa pia juu ya kipimo cha vinasaba, ambacho vijana hukitaja kila mazungumzo haya yanapozuka. Asili yake katika fikihi iko. Mtume (S.A.W.) alifurahi sana siku Mujazziz wa Banu Mudlij, mjuzi wa kutambua watu kwa viungo, alipoiona miguu ya Zaid na mwanawe Usama imetokeza nje ya nguo waliyojifunika, akasema ya kuwa miguu hiyo ni ya asili moja, na watu walikuwa wakisema maneno kwa kuwa Usama alikuwa mweusi na Zaid mweupe. Imam Shafi ameshika kwa hadithi hiyo kuwa utambuzi wa namna hiyo ni hoja penye mgogoro, na Imam Abu Hanifa hakuona hivyo. Baraza la Fikihi la Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 16 cha Januari 2002, lilikubali kipimo hiki kitumike katika mgogoro wa nasaba, lakini lilikataza kitumike kuikanusha nasaba iliyokwisha thibiti kisharia. Basi mtu asiende kumpima mwanawe kwa wasiwasi.

Ama kumjua babu wa mbali, kipimo hiki chasema mengi juu ya watu kwa jumla na machache juu ya mtu mmoja. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana ya kuwa wengi wao walichanganya asili ya Afrika na ya Asia tangu kama miaka elfu iliyopita. Ya Asia ilikuja khasa kwa wanaume, wengi wao wa Uajemi, na ya Afrika khasa kwa wanawake. Kwa hivyo wazee waliotaja Shirazi hawakuwa wakiota. Lakini uchunguzi huo haumpi mtu yeyote jina la babu yake. Na una neno jingine ambalo barazani halikutajwa sana: katika nasaba zetu zilizoandikwa, hao mama hawamo.

Twarudi kwa kijana wetu. Tulimwandikia karatasi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kama alivyotaka siku ya kwanza. Ina majina matano ya upande wa baba na manne ya upande wa mama, na mbele ya kila jina umeandikwa ushahidi wake: shangazi, daftari la khitma, daftari la Kadhi, mzee jirani asiye jamaa. Palipoandikwa "bin Abdalla" tumeeleza ya kuwa baba yake hakujulikana, na kwamba katika aya ya 5 ya Ahzab yeye ni ndugu yetu. Sahihi yetu iko chini. Tena amepata jamaa aliokuwa hana khabari nao: watu wa Takaungu, vizazi vya yule shahidi wa ndoa, wenye bibi mmoja aliye hai ambaye ni jamaa ya nyanya yake. Amekwenda kuwaamkia mara tatu. Katika safari ya pili bibi huyo alimwambia ya kuwa alimnyonyesha mama yake kijana siku mama wa mtoto alipokuwa mgonjwa, na hakuna aliyekuwa na khabari hiyo katika nyumba yao. Iwapo kunyonyesha huko kulitimia masharti yake, ziko ndoa ambazo haziwezi kuwa baina ya nyumba hizo mbili, na mambo haya hayaandikwi na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo darsa ijayo, inshaallah, itakuwa juu ya radhaa, na tunawaomba watu waje na mama zao.

Posa yenyewe ingali mbele ya wazee wa bibi. Tulikwenda kusema nao, tukawasomea karatasi ile yote pamoja na hilo jina la mwisho, kwani kijana mwenyewe alikataa tulifiche. Hatukanushi ya kuwa madhehebu yetu yameitaja nasaba katika kufuana kwa mke na mume. Lakini wameitaja kuwa ni haki ya bibi na walii wake, na haki huweza kuachwa na mwenyewe. Na bibi amekwisha kusema ya kuwa yeye ameridhika. Tukawakumbusha Hind binti Walid wa Makureshi na mume aliyeozwa na ami yake. Walitusikiliza kwa adabu, wakatupa kahawa, na wametuahidi jawabu katika Mfunguo Mosi.

Wallahu aalam.